Tisheti kali kwa mwanamke: chapa isiyopasuka, bega linalokaa, na rundo la nguo za wanaume sokoni Kibuye

SWALI: Dada, nina miaka 26 na nimehamia Kisumu kutoka Nakuru kwa ajili ya kazi. Napenda tisheti zenye michoro mikali: mafuvu, nyoka, radi, majina ya bendi za roki. Shida ni kwamba zile ninazoagiza kwa simu chapa hupasuka baada ya kufuliwa mara chache, na za mitumba nikizivaa naonekana kama nimeazima kwa kaka yangu. Kifua changu ni kikubwa, kiuno chembamba. Ofisini Ijumaa tunaruhusiwa kuvaa nguo za kawaida. Nizitafute wapi, na nizivae vipi hadi mtu aone nimekusudia? Halafu, kuna uwezekano wa kuchapisha yangu mwenyewe?

JIBU: Karibu Kisumu, dada yangu. Naanza na chapa kabla ya mitindo, kwa sababu huko ndiko pesa zako zinakopotelea, na tisheti iliyopasuka kifuani haiokolewi na koti wala viatu.

Tisheti nyingi za bendi na za kampuni huchapwa kwa skrini: wino husukumwa kupitia wavu uliozibwa kila mahali isipokuwa penye mchoro. Wino unaotumika sana ni plastisoli. Huo ni wa plastiki, na haukauki kwa hewa hata ukiachwa wiki nzima, lazima upikwe. Tabaka lote, kutoka juu hadi linaposhikana na pamba, linapaswa kufikia joto la digrii 160 hivi za Selsiasi. Mchapaji mwenye haraka, au mwenye mashine isiyoshika joto sawasawa, huutoa wino ukiwa umeiva juu na mbichi chini. Siku ya kununua unapendeza. Ukishafuliwa mara chache unaachana vipande vipande kama tope la mashamba ya mpunga ya Ahero wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, weka vidole gumba viwili pande mbili za mchoro, uvute taratibu kwa upana wa kidole kimoja, kisha uachilie. Wino ulioiva hunyumbuka na kurudi. Wino mbichi hufunguka nyufa hapo hapo, mbele ya muuzaji, na hapo huna haja ya kubishana naye. Unapoagiza kwa simu, mwombe muuzaji akutumie video fupi akiuvuta mchoro hivyo. Mwenye mali nzuri atakutumia. Asiyetaka, achana naye, hata kama bei yake inavutia.

Kuna chapa nyingine utakayokutana nayo sana siku hizi, ile inayochapwa kwanza kwenye filamu, ikanyunyiziwa unga wa gundi, kisha ikabanwa kwenye kitambaa kwa mashine ya joto. Wachapaji huiita DTF. Inafaa kwa tisheti moja moja na kwa picha zenye rangi nyingi, na ikibanwa vizuri hudumu. Ila ina jambo moja ambalo kwa Kisumu ni zito: pale ilipokaa, jasho halipiti. Pande kubwa la DTF kifuani, saa nane mchana, ukitembea kutoka Kondele hadi mjini, litakunata mwilini. Basi ukinunua ya aina hiyo, chagua mchoro wa mistari iliyoachana, ambao kitambaa kinaonekana katikati yake. Na ukiona mchoro umezungukwa na kipande chepesi cha plastiki chenye umbo la mstatili, hiyo ni karatasi ya kuhamishia picha iliyopigwa pasi. Usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Ninayoipenda mimi ni chapa ya wino wa maji. Unaipitishia kiganja na huisikii, kwa sababu wino umeingia ndani ya nyuzi badala ya kukaa juu yake. Haipasuki, inafifia polepole, na fuvu lililofifia lina heshima kuliko fuvu lililobanduka jino.

Sasa kitambaa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu mita 1,130 hivi, na mwili wako bila shaka umeshakuambia tofauti. Tisheti nzito zilizokufaa asubuhi za Julai kule Lanet hazitakufaa huku. Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu kwa kila mita mraba, na maduka mengi ya mtandaoni huuandika. Kwa Nakuru tafuta 180 hadi 220. Kwa Kisumu 140 hadi 160 inatosha, ikiwa ni pamba tupu. Pasipoandikwa, ingiza mkono ndani ya tisheti uielekeze kwenye mwanga. Ukiona kivuli cha vidole, inafaa kwa huku. Ukiweza kuona hadi rangi ya kucha, ni nyepesi mno na itapoteza umbo. Kagua pia mishono ya ubavuni: ikiwa imejipinda kuelekea tumboni, kitambaa kilikatwa vibaya na hakuna fundi atakayekinyoosha. Shingo nayo ivute kidogo uone kama inarudi.

Wapi pa kutafuta? Kibuye, siku ya Jumapili, mapema. Soko lipo kila siku, lakini Jumapili ndiyo siku yake kubwa. Nenda wakati belo, yale marobota ya mitumba, zinafunguliwa. Za kwanza kutolewa, zile ambazo wauzaji wanaziita kamera, ni safi na bei yake ni ya juu. Mwishoni huja fagia, mabaki yanayouzwa kwa bei ya chini kabisa. Wengi wanaopenda michoro hupigania kamera. Mimi nakushauri upite pia kwenye fagia kwa utulivu, kwa sababu muuzaji anapopanga madaraja huangalia madoa na upya. Tisheti nyeusi ya bendi iliyofifia anaitupa chini kwa kuiona kuukuu, kumbe kufifia huko ndiko unakokutafuta.

Na hapa ndipo penye siri ya swali lako lote: usianzie rundo la wanawake. Kwenye rundo la wanawake utapata maua, vipepeo na maneno ya kutabasamu, tena kwenye kitambaa chepesi kilichochanganywa na polista. Michoro mikali imelala kwenye rundo la wanaume, na kwenye la wavulana wa miaka 14 hadi 16. Hizo za wavulana zina mabega membamba na mikono mifupi, na kwa mwanamke mwembamba hukaa bila kuguswa na fundi. Kwako wewe mwenye kifua, ya mwanaume ya saizi ya M au S ndiyo ya kuanzia.

Usiamini lebo, hata hivyo. M ya Marekani si M ya Asia, na tisheti ya mitumba huenda ilishaingia kwenye mashine ya kukaushia mara nyingi ikanywea. Chukua nyumbani tisheti moja unayoipenda inavyokukaa, itandaze kitandani, upime kutoka kwapa hadi kwapa na kutoka bega hadi pindo. Andika namba hizo mbili kwenye simu. Ukifika Kibuye, futi ya kamba ndiyo itakayokujibu, maana pale hakuna chumba cha kujaribia.

Ukitaka kujua kama tisheti ni ya zamani kweli, tazama pindo la chini na la mikono. Hadi katikati ya miaka ya 1990 tisheti nyingi za Marekani zilishonwa pindo kwa mstari mmoja wa uzi. Baadaye mistari miwili ikawa kawaida. Mwaka unaosomeka kwa herufi ndogo chini ya mchoro usikudanganye, kwa kuwa huo ni wa hakimiliki ya mchoro, na huenda nguo ikawa ilishonwa baadaye sana. Nyufa nazo zitofautishe: za uzee ni nyembamba na laini, mchoro mzima umezeeka pamoja. Za wino mbichi ni pana, kingo zake zimeinuka.

Kabla hujaivaa, jua umebeba nini kifuani. Sisemi lazima ujue kila wimbo wa bendi. Lakini ukivaa ule ulimi mwekundu wa Rolling Stones, ni vizuri kujua kwamba ulichorwa mwaka 1970 na John Pasche akiwa bado mwanafunzi wa sanaa London. Tai wa Ramones ni kazi ya Arturo Vega, aliyeuchukua muhuri wa rais wa Marekani akaugeuza nembo ya vijana wa mitaani New York. Ukiijua hadithi hiyo, tisheti inakukaa tofauti, kwa sababu wewe mwenyewe unasimama tofauti ndani yake. Upande wa pili, mitumba huleta pia alama mbaya. Radi mbili zenye pembe kali zilizosimama sambamba, zikisomeka kama herufi SS, zilikuwa alama ya kikosi cha Hitler. Bendera nyekundu yenye msalaba wa bluu wa mshazari na nyota nyeupe ni ya majimbo ya Marekani yaliyopigana yabaki na utumwa. Si ukali huo. Ni kubeba matusi ya watu usiowajua. Na suruali zenye madoadoa ya jeshi, hata zilingane vipi na fuvu lako, ziache hapo hapo sokoni, kwa sababu sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo.

Tuje kwenye umbo. Kinachokufanya uonekane umeazima ni bega. Upana wa kiwiliwili watu wanaweza kuusoma kama mtindo, lakini mshono wa bega ukiteremka hadi katikati ya mkono bila mpango, nguo nzima inaonekana ya mtu mwingine. Una njia mbili, na katikati ya hizo mbili hakuna mtindo. Ama mshono ukae juu ya mfupa wa bega, ama ununue kubwa kabisa, mabega yaanguke waziwazi, na chini uvae kitu cha kubana au kifupi ili ionekane ulipanga.

Kwa kifua kikubwa, tatizo lako lingine ni mahali mchoro ulipokaa. Mstari wa maandishi unaopita juu kabisa ya kifua hunyooshwa, herufi hupanuka, na watu husoma polepole kuliko unavyotaka. Chagua mchoro mdogo ulio juu, upande wa moyo. Au mrefu wa kusimama, kama nyoka anayeanzia chini ya mtulinga hadi tumboni. Au, ninavyopendelea mimi kwa umbo lako, mchoro mkubwa mgongoni na mbele pawe patupu. Mgongo ni ukuta ulionyooka, mchoro unabaki vile ulivyochorwa. Shingo ya tisheti za wanaume pia hubana juu, na juu ya kifua kikubwa huko kubana huongeza uzito. Unaweza kuukata ule mkanda wa shingo kwa mkasi mkali, ukiufuata mshono kwa nje kidogo. Kitambaa cha tisheti hakichuruziki nyuzi. Kinajikunja tu, na kujikunja huko kunapendeza. Ndani vaa sidiria laini isiyo na lesi, mistari isitokee chini ya mchoro.

Kiuno mwachie fundi, lakini mweleze kwa maneno haya: apunguze ubavuni kuanzia vidole vitatu chini ya kwapa hadi kiunoni, kisha aachie tena nyongani, na asiguse mabega. Atumie mashine ya ovaloki, na sindano ya nguo za kunyumbuka, ile yenye ncha ya mviringo. Sindano ya kawaida hutoboa nyuzi, na baada ya miezi miwili utaona vitundu kando ya mshono. Fundi akikuambia sindano ni sindano tu, nenda kwa mwingine. Na uifue nguo kabla ya kumpelekea, inywee kwanza.

Kuhusu kuvaa, kanuni yangu ni kwamba tisheti ndiyo inayoongea, vingine vinyamaze. Anayechanganya fuvu, jinzi iliyochanika, minyororo, buti na rangi nyeusi ya midomo siku moja hujificha nyuma ya nguo zake. Ijumaa ofisini, chukua tisheti nyeusi yenye mchoro mdogo au mchoro wa mgongoni, ichomeke kwenye suruali ya kitambaa iliyonyooka, tupia bleza juu. Ukiwa kwenye kikao, mbele ni safi; bleza ikivuliwa jioni, nyoka anatokea. Kama bosi wako ni mkali, maandishi yawe ya lugha safi. Tusi kwa Kiingereza ni tusi.

Jumamosi kando ya ziwa, Dunga au Hippo Point, fupisha tisheti ifike kiunoni, vaa na sketi ya jinzi ya magotini. Buti nzito ziache kwa safari za Nakuru pamoja na koti la ngozi. Huku zitakuchemsha miguu. Badala yake vaa akala. Nasema hili kwa moyo wote: hakuna kiatu kinachokaa na tisheti ya roki kama akala nyeusi za matairi, na watu wa Ulaya wanalipa pesa nyingi kutafuta ukali huo ambao sisi tunaupita sokoni. Bangili za shaba mkononi zinatosha. Kitenge nacho kinakubali, mradi rangi moja ya kitenge iwemo kwenye mchoro wa tisheti. Bila hivyo michoro miwili itapigana juu yako.

Atakayekuambia mwanamke mwenye staha havai nguo zenye maneno, mkumbushe leso. Wanawake wa pwani yetu wamekuwa wakimsema jirani, mke mwenza na mume kwa leso zenye maandishi tangu mapema karne ya 20. Na mwaka 1984 mbunifu Katharine Hamnett aliingia kwa waziri mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, amevaa tisheti iliyoandikwa kwa herufi kubwa kupinga makombora ya nyuklia, wakapigwa picha wakipeana mikono. Mavazi yanayosema yana ukoo mrefu wa kike.

Kufua ni jambo fupi. Igeuze ndani nje, maji baridi, usipitishe brashi kwenye mchoro, usitie Jik, ianike kivulini kwa sababu jua letu la karibu na ikweta hula nyeusi haraka. Pasi ipite upande wa ndani tu. Kulowekea chumvi ili rangi isitoke hakusaidii nguo iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani. Harufu ya mitumba huondoka kwa siki kidogo kwenye maji na hewa ya kutosha.

Sasa hilo la kuchapisha yako. Fanya, tafadhali, na usimpelekee mchapaji fuvu ulilolitoa kwenye intaneti. Umehamia jiji ambalo mafuvu yake ni ya samaki. Umeshapita Obunga ukaona mgongo wazi unavyoanikwa na kukaangwa, kichwa cha sangara na mifupa yake baada ya viwanda kuchukua minofu? Mchoro huo ukichorwa kwa mistari minene ni mkali kuliko mafuvu yote ya belo, na mtu yeyote wa Kisumu ataujua kabla hujamweleza. Ukitaka kumbukumbu ya kwenu, Menengai ikifuka moshi inafaa vilevile, au heroe wa Ziwa Nakuru amechorwa mifupa mitupu, mguu mmoja juu.

Mchore rangi moja. Kwenye skrini kila rangi huhitaji skrini yake na hulipiwa, kwa hiyo mchoro wa rangi moja hukupunguzia gharama, na skrini huwa na faida ukichapa nyingi, tuseme wewe na marafiki kumi. Ukiwa unataka moja tu, DTF ndiyo njia, na ile mistari iliyoachana ya mifupa itaruhusu hewa. Tisheti inunue mwenyewe, uliyoikagua, usikubali atakayokupa mchapaji. Mgongo wazi mwambie auweke mgongoni kwa kusimama, kichwa kikianzia vidole vinne chini ya shingo na mkia ukiishia juu ya kiuno, upana usizidi sentimita 28, la sivyo mbavu za pembeni zitakunjika makwapani.